807.0: Kesi ya Fahali Mkoloni

Mwaka 1983, kwa mujibu wa takwimu zilizoandikwa kwa wino mweusi na kupigwa mhuri, ng'ombe wa Mwalushindo walitangaza vita dhidi ya mbavu za binadamu. Hawakutoa sababu. Katika nusu mwaka walivunja mbavu za watu kumi na mmoja, na watu wote hao, kwa bahati ambayo ingemshangaza hata shetani, walivunjwa na fahali mmoja.

Takwimu hizo zilikuwa kazi ya Eufrasia, karani wa kumbukumbu wa hospitali ya Mwalushindo, hospitali ndogo ya vitanda arobaini iliyoko kwenye barabara ya vumbi itokayo Kharumwa kwenda Geita. Karani aliyemtangulia alikuwa ameyagawa magonjwa yote ya wanadamu katika mafungu manne: homa, tumbo, kifua, na mengineyo. Ubavu uliovunjika ulikuwa kifua. Kifua kikuu kilikuwa kifua. Hata mtu aliyekwamwa na mwiba wa sangara kooni aliandikwa kifua, kwa sababu mwiba ulikuwa unaelekea huko.

Eufrasia alikwenda Mwanza kwenye kozi ya wiki sita, akarudi na kitabu. Kilikuwa cha Shirika la Afya Duniani, cha Kiingereza, kizito kama tofali bichi, na ndani yake kila balaa linaloweza kumpata mtu lilikuwa limepewa namba. Palikuwa na namba ya kuumwa na panya. Palikuwa na namba ya kuanguka kutoka kwenye kiti. Eufrasia alikisoma jioni baada ya kuosha vyombo, kama wengine wanavyosoma barua za posa.

Mtu aliyeumia, kitabu kilimpa namba mbili. Ya kwanza ilisema kilichoharibika. Mbavu zilizovunjika ngozi ikiwa nzima ni 807.0. Zikivunjika na ngozi ikafunguka ni 807.1. Namba ya pili, iliyoanza na herufi E, ilisema kilichosababisha. Daktari akiandika kwenye kadi alama ya #, ambayo kwa madaktari ni mfupa uliovunjika, kisha "6, 7, 8 kulia, amepigwa na ng'ombe", Eufrasia aliandika 807.0 na E906, namba ya kuumizwa na mnyama. Na kwa kuwa hakupenda kazi nusu nusu, kwenye safu ya maelezo aliongeza jina la mnyama kama mgonjwa alivyolitaja: Mkoloni.

Hapo ndipo alipojiponza mwenyewe. Mkoloni alikuwa fahali wa baba yake.

Barua ilifika Jumatatu. Dokta Theonest, mganga mkuu wa hospitali, aliisoma akiwa amesimama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kama mwalimu wa zamu anayesoma majina ya waliotoroka.

"'Ofisi ya mifugo imepokea kwa masikitiko taarifa yenu,'" alisoma. "'Inawapongeza kwa takwimu zilizo safi kuliko za hospitali nyingine yoyote wilayani.' Hongera, Mama Mihayo."

"Asante, Dokta," alisema Eufrasia, ambaye hospitali nzima ilimwita kwa jina la mwanawe.

"Usishukuru bado. 'Kwa hiyo fahali ajulikanaye kama Mkoloni, mali ya Ndugu Makoye, atachinjwa siku ya Ijumaa tarehe 15 Julai, mbele ya Bwana Mifugo, kwa usalama wa wananchi.'"

Eufrasia aliomba barua aisome mwenyewe. Namba zake zote zilikuwemo, zimenakiliwa vizuri, bila kosa hata moja. Alirudi kwenye meza yake akaifunika kalamu.

Mzee Makoye hakungoja Ijumaa. Jumanne asubuhi alifika hospitalini kwa miguu, fimbo begani, akaingia chumba cha kumbukumbu bila kubisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiko wapi hicho kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Kilichomla ng'ombe wangu."

Eufrasia alikionyesha kwa kidole. Mzee alikitazama kama mtu anayetazama chatu aliyeshiba. Ni lazima kueleza kwamba Mkoloni hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Ukame wa mwaka sabini na nne uliondoka na zizi zima la Makoye, ukambakizia ndama mmoja, na Makoye alimlisha ndama huyo majani ya mapaipai kwa mkono wake mpaka mvua zikarudi. Ndama huyo ndiye Mkoloni, na kila ng'ombe mwingine aliyekuwa zizini sasa alikuwa mtoto au mjukuu wake. Jina la Mkoloni alipewa na majirani kwa sababu alikuwa na tabia ya kuingia katika mashamba ya watu bila hodi na kuondoka bila shukrani. Lakini kuvunja mbavu za watu kumi na mmoja! Siku nyingi alikuwa amelala kivulini, akitafuna, na watoto wakipanda mgongoni kwake.

"Futa," alisema Mzee Makoye.

"Haifutiki, baba. Ni wino."

"Basi mwaga chai juu yake. Nimekusomesha mpaka kidato cha nne, umeshindwa kumwaga chai?"

"Sifuti."

"Kwa nini, mayu?" Alipomwita mayu, kama anavyoitwa mama, ilikuwa ishara kwamba hasira imekwisha na imebaki huzuni, na huzuni ya mzee yule ilikuwa ngumu kuistahimili kuliko fimbo yake.

"Nikifuta la kwako leo, kesho atakuja mwingine nifute la kwake. Tutarudi kwenye kifua na mengineyo. Lakini kama hao watu wamesema uongo, baba, nitasahihisha."

"Kufuta na kusahihisha, tofauti yake nini?"

"Kufuta nafanya peke yangu nikiwa nimefunga mlango. Kusahihisha, wanasema wao wenyewe na Dokta anaandika. Nina siku tatu."

Mzee alichukua fimbo yake. "Mimi sina siku tatu," alisema. "Nina ng'ombe mmoja." Akatoka.

Eufrasia alifunga mlango kweli, ila si kwa ajili ya kufuta. Alizitoa kadi kumi na moja akazipanga mezani kama karata. Alitazama namba moja baada ya nyingine, na ghafla akaona jambo ambalo lilikuwa machoni pake nusu mwaka nzima. Zote zilikuwa 807.0. Hapakuwa na 807.1 hata moja. Fahali mwenye pembe ndefu kama mikono ya mtu alikuwa amewashambulia watu kumi na mmoja, akawavunja mbavu mbili, tatu, wengine nne, na hakuchana ngozi ya yeyote.

Alizisoma tena. Karibu wote walivunjika upande wa nyuma. Na pembeni mwa kadi ya mmoja wao, muuguzi wa zamu alikuwa ameandika kwa kalamu ya hasira: "Udongo mwekundu masikioni. Shuka limeharibika."

Udongo mwekundu ulikuwa sehemu moja tu, kilima cha Igwata, safari ya saa mbili kwa baiskeli. Huko watu walichimba dhahabu bila kibali. Jambo hilo kila mtu alilijua kama vile bweni zima linavyojua nani ameiba sukari ya mwalimu, na hakuna aliyelijua rasmi. Hasa mwaka ule. Mwaka ule watu walikuwa wakikamatwa kwa uhujumu uchumi wakiwa na sabuni nyingi kuliko jirani, sembuse dhahabu. Mtu akifukiwa na kifusi ndani ya shimo, ambalo wachimbaji huliita duara, akatolewa mbavu zimevunjika, angemwambia nini daktari? Angemwambia ng'ombe.

Alimpelekea Dokta Theonest kadi zote.

"Fahali anaweza kukupiga kwa paji la uso," alisema Dokta. "Ngozi isichanike."

"Mara kumi na moja, Dokta?"

"Labda ana adabu."

Eufrasia hakucheka. Dokta akakohoa, akavua miwani. "Sikiliza, Mama Mihayo. Mimi naandika anachosema mgonjwa. Wewe unaandika nilichoandika mimi. Ukitaka namba nyingine, niletee mgonjwa aseme jambo jingine mbele yangu. Bila hivyo, mimi na wewe tutakuwa tumetunga hadithi."

"Watatu wako bado wodini."

"Basi anza na hao."

Wodi ya wanaume ilinuka dawa na uji. Wagonjwa watatu wa mbavu walilala vitanda vinavyofuatana, vifua vimefungwa plasta kama vifurushi vya posta. Wa kwanza aliitwa Mageni, kijana wa Tinde, mwenye maneno mengi na meno machache. Wenzake wawili walimwachia yeye kazi ya kusema, kama darasa linavyomwachia kiranja.

"Nimekuja kuuliza habari za Mkoloni," alisema Eufrasia.

"Aa, Mama Karani! Yule si ng'ombe, ni jini."

"Yukoje?"

"Mweusi. Mweusi kama sufuria ya msibani. Macho mekundu. Akipumua, moshi."

"Mweupe," alisema wa kitanda cha pili, aliyekuwa amesinzia.

"Ana mabaka," alisuluhisha wa tatu.

Eufrasia aliandika yote matatu bila kutikisa nyusi. "Mweusi, mweupe, wa mabaka," alisoma kwa sauti. "Anatoa moshi. Je, ana filimbi kama treni ya Isaka?"

Mageni alianza kucheka, akajishika ubavu, akalia. "Usinichekeshe, mama! Nikicheka nakufa!"

"Basi sema ukweli, hauna kichekesho."

Uso wa kijana ukajifunga kama dirisha. "Ng'ombe, mama. Ni ng'ombe. Andika ng'ombe."

Alijaribu tena Jumatano, akajaribu Alhamisi. Alijaribu kwa upole, kwa ukali, na kwa bakuli la maziwa mgando. Maziwa waliyanywa yote, wakashukuru sana, wakasema ng'ombe.

Alhamisi alasiri alisimama tena mbele ya meza ya Dokta.

"Naomba kibali cha gwaride la utambulisho."

"La nani?"

"La mtuhumiwa. Mwizi wa kuku akishtakiwa anapangwa na wenzake, aliyeibiwa anaulizwa ni yupi. Mkoloni anakwenda kuchinjwa kesho, na hakuna aliyewahi kuulizwa ni yupi."

Dokta Theonest alikuwa mtu mzito asiyependa mchezo. Aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi yenye mhuri wa hospitali: "Gwaride la ng'ombe limeruhusiwa, saa nne asubuhi, nje ya uzio. Wasiingie kwenye maua."

Ijumaa saa nne Bwana Mifugo aliwasili kwa pikipiki, akifuatwa na mgambo wawili kwa baiskeli, kamba moja na panga moja. Jina lake lilikuwa Herman, mtu mwembamba, mstaarabu, aliyevaa soksi ndefu nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limezifanya za kahawia mpaka magotini. Alikuta ng'ombe watano wamefungwa kwenye uzio kwa mstari ulionyooka, Mzee Makoye akiwa mbele yao kama sajini, nusu ya kijiji ikiwa imesimama kutazama, na wagonjwa watatu wameketi kwenye benchi.

Eufrasia alimweleza. Bwana Herman alisikiliza mpaka mwisho.

"Hili halimo kwenye barua," alisema.

"Wala halijakatazwa kwenye barua," alisema Eufrasia.

Bwana Herman aliigeuza barua nyuma na mbele, akathibitisha kwamba halijakatazwa. "Haya, waulize."

Mageni ndiye aliyeanza. Aliwapitia ng'ombe wote watano kwa macho, polepole, akitafuta moshi. Hakuna aliyetoa moshi. Mwisho akamnyooshea kidole mweusi aliyekuwa wa pili kutoka kushoto. "Huyo! Huyo huyo! Namjua mpaka kaburini!"

Ndama akatoka katikati ya watu, akapita chini ya kamba, akaanza kunyonya kwa yule aliyenyooshewa kidole.

Kelele za watu zilisikika mpaka maabara. Wanawake walishikana mabega. Mgambo mmoja aligeuka akaegemea baiskeli yake. Mageni mwenyewe alicheka, akapiga yowe la maumivu, akacheka tena kwa sababu ya yowe lake, mpaka muuguzi akaja kumshika. Wa pili alichagua maksai wa kulimia, mpole kama padri mstaafu. Wa tatu aliona mambo yanavyokwenda, akakataa kuchagua.

"Mimi sikumwona," alisema. "Nilipigwa kwa nyuma."

"Ni kweli," alisema Dokta Theonest. "Mbavu zako zimevunjika nyuma. Hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililolisikia kwako."

Bwana Herman alifuta machozi ya kicheko kwa leso, akaikunja leso vizuri, akairudisha mfukoni. "Nimecheka," alisema. "Lakini barua haijacheka. Mama, mimi nimeletwa hapa na namba. Nikirudi mikono mitupu nikasema watu walicheka, nitafukuzwa kazi. Nipe namba nyingine nirudi nayo. Kama huna, mgambo, chukueni kamba."

Mgambo wakasogea. Mzee Makoye hakuwazuia. Alimfungua Mkoloni mwenyewe, fahali wa rangi ya udongo mwenye doa jeupe usoni, akamwongoza taratibu mpaka mbele ya benchi la wagonjwa.

"Kijana," alimwambia Mageni, "huyu ndiye uliyemsema. Mwangalie vizuri, usije ukamkosa tena."

Mkoloni alinusa plasta ya Mageni. Kisha akatoa ulimi mrefu akaanza kumlamba mkono, akitafuta chumvi ya jasho. Mageni aliutazama ulimi huo, hakuutazama uso wa mzee.

Eufrasia alikuwa amekwisha kukifungua kitabu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea orodha ya dawa.

"E916," alisoma. "Kupigwa kwa bahati mbaya na kitu kinachoanguka."

"Kitu gani?" aliuliza Mageni haraka.

"Kitu. Kitabu hakiulizi zaidi. Hakiulizi kitu cha nani, wala kilikuwa na nini ndani yake."

"Na mahali?"

"Mahali pana namba zake pembeni. Kuna ya nyumbani. Kuna ya shambani. Kuna ya..." Aliruka mstari mmoja. "Kuna ya barabarani. Na mwisho kabisa kuna E849.9. Mahali hapakutajwa."

Mageni aliyapima maneno hayo. "Waliweka namba ya kutosema?"

"Waliiweka. Imeandikwa hapa."

"Basi nao walikuwa na wachimb... walikuwa na watu kama sisi."

Bwana Herman wakati huo alikuwa ameona kitu cha muhimu sana angani, akakitazama kwa makini. Mgambo mmoja alikohoa.

Mageni alivuta pumzi kadiri mbavu zilivyomruhusu. "Dokta," alisema, "andika. Si ng'ombe. Ni kitu. Kiliniangukia mgongoni, kizito. Mahali sitaji. Huyu ng'ombe nimemwona leo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na mzee wangu, naomba unisamehe."

"Na mimi kitu," alisema wa pili.

"Kitu kilekile," alisema wa tatu.

Dokta aliandika akiwa ameegemeza kadi juu ya mgongo wa maksai, Eufrasia akaweka namba. Bwana Herman alizinakili, akahesabu, akatikisa kichwa.

"Watatu. Wamebaki wanane. Fahali wa watu wanane bado ni hatari." Alimtazama Mzee Makoye, akamtazama Mkoloni, akapanda pikipiki yake. "Nitarudi Ijumaa ijayo. Nikute kadi nane zimesahihishwa, au nikute kisu kimenolewa."

Wanane hao walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kurudi kwao, na saba kati yao kwao kulikuwa Igwata. Eufrasia alijua hawatakuja kwa kuitwa. Jumamosi alikwenda kwa Dokta Theonest akamwambia kwamba kesho wanakwenda wao.

"Gari halina dizeli."

"Kuna baiskeli mbili."

"Kesho ni Jumapili."

"Baada ya misa."

"Mama Mihayo, mimi ni mganga mkuu. Sipandi kilima kwa baiskeli kutafuta wagonjwa waliokwisha kupona."

Eufrasia hakubishana. Alisimama mlangoni. Alisimama Dokta alipoandika, alisimama Dokta alipokula mkate wake, alisimama mpaka Dokta akahisi hawezi kutoka kwenda msalani bila kumpitia ubavuni. Mwishowe akauliza baiskeli ipi ina breki.

Kwa hiyo Jumapili ile, ikiwa mtu angependa kuiona heshima ya taaluma ya udaktari, angeiona ikisukuma baiskeli kupanda Igwata, suruali imefungwa vibanio vya nguo, koti limelowa jasho. Mbele yake alikwenda Eufrasia, kitabu kimefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma.

Walipofika juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na vyungu vinavyochemka bila wapishi, koleo zilizosimama bila wenyewe, na maduara yaliyofungua midomo mekundu kila upande. Mbuzi mmoja ndiye aliyebaki kuwapokea. Dokta aliketi kivulini akasema, "Unaona?"

Eufrasia alipanda juu ya kilima cha kifusi, akashika kitabu kwa mikono miwili.

"Ng'wangaluka!" aliita. Salamu ilikwenda, ikarudi peke yake. "Mimi ni karani wa Mwalushindo! Sikuja kwa ajili ya dhahabu! Sijui dhahabu ni kitu gani! Nimekuja kwa ajili ya mbavu!"

Akangoja. Jua lilikuwa kali, naye hakuvaa kofia. Akaita majina, moja moja, kama yalivyoandikwa kwenye kadi, na kwa kila jina akataja na mbavu zake: ya sita na ya saba kushoto, ya tano mpaka ya nane kulia. Akimaliza orodha alianza upya. Alipoanza mara ya nne, kichwa kikatokeza kwenye duara la karibu.

"Umezijuaje mbavu zangu?"

"Nilizitunza. Njoo."

Walitoka mmoja baada ya mwingine, wekundu tangu nywele mpaka kucha, wakapanga foleni, wakainua mashati. Dokta aliwabonyeza kifuani na mgongoni kuona kama mfupa umeunga, akawauliza, akaandika. Kitu. Kitu. Kitu kizito. Mzee mmoja wa pale alieleza hadithi yote bila kuombwa: wa kwanza kuumia, mwezi wa kwanza, alibebwa kwenye baiskeli akapitishwa karibu na zizi la Makoye, akasikia watoto wakiita "Mkoloni! Mkoloni!" Alipoulizwa hospitalini alitaja jina hilo kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Akaandikwa, akatibiwa, hakuulizwa zaidi. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeshuka kwenye duara alifundishwa mambo matatu: funga kamba kiunoni, usipige mluzi chini, na ukivunjika sema Mkoloni.

"Ilikuwa dawa nzuri," alisema mzee huyo kwa masikitiko.

"Sasa sema kitu," alisema Eufrasia. "Na hizo nguzo zenu ni nyembamba. Ongezeni."

Ikabaki kadi moja. Ilikuwa ya mwanamke, Limi, mjane aliyepakana na Mzee Makoye kwa ua mmoja wa minyaa. Jumatatu jioni Eufrasia na Dokta walimkuta akipepeta mtama. Eufrasia alikuwa na furaha, na kalamu tayari mkononi.

"Mama Limi, ulikuja hospitalini mwezi wa tatu. Mbavu mbili, kushoto. Tunasahihisha. Ni kitu gani kilikuangukia?"

Limi aliweka ungo chini. "Hakuna kilichoniangukia, mwanangu. Nilikwenda kuzoa samadi kwa baba yako. Mkoloni akanisukuma kwa kichwa, akanibana ukutani."

Kalamu ilisimama hewani. Dokta alijishughulisha na viatu vyake.

"Mkoloni mwenyewe? Wa doa jeupe?"

"Ninaye mlangoni miaka tisa, nitamkosa? Sikumwambia baba yako. Ni jirani, na ng'ombe wake ni huyo mmoja anayempenda." Alimtazama Eufrasia kwa huruma. "Andika unavyotaka. Mimi nimepona. Niseme kitu?"

Hapa ndipo ingekuwa rahisi sana. Kitu ni kitu, na ng'ombe naye ni kitu, na mwenye mbavu mwenyewe alikuwa ametoa ruhusa. Eufrasia aliitazama ile kadi kwa muda wa kutosha mtama kushambuliwa na kuku.

"Usiseme kitu, mama," alisema. "Umekwisha kusema."

Dokta hakuandika neno jipya. E906 ilibaki pale pale ilipokuwa.

Ijumaa Bwana Herman alizisoma kadi zote kumi na moja akiwa ameketi kwenye kiti zizini kwa Makoye. Alisoma kumi akitabasamu. Alisoma ya kumi na moja mara mbili, akainua macho kwa Eufrasia.

"Hii umeiacha."

"Hiyo ni ya kweli."

Mzee Makoye alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Alisikia. Aligeuka polepole akautazama ua wa minyaa.

Bwana Herman alitoa kalamu. Alikata neno "atachinjwa", akaandika juu yake "atakatwa ncha za pembe", akatia sahihi. "Mmoja si kumi na moja," alisema. "Na karani anayeniachia mmoja, namwamini kwa wale kumi."

Msumeno ulikuwa wa kuazima, butu. Mzee Makoye alishika kamba mwenyewe, uso karibu na uso wa Mkoloni, akimnong'oneza Kisukuma muda wote mpaka vipande viwili vya pembe, virefu kama vidole, vikaanguka kwenye samadi. Mkoloni alitikisa kichwa, akakiona chepesi, akarudi kutafuna.

"Ilikuwa mwezi gani?" aliuliza mzee bila kumtazama binti yake.

"Wa tatu, baba."

"Miezi minne napita hapo kila asubuhi. Ananiamkia, anacheka na mimi." Alikunja kamba, akaitundika. Hakumsemesha Eufrasia neno jingine siku ile, wala juma lile. Ila kabla giza halijaingia alionekana akipita kwenye upenyo wa ua, kibuyu cha maziwa mkononi, akiita hodi kwa Limi kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na majirani wote.

Jumatatu asubuhi Eufrasia alikuta kadi mpya mezani. # 4, 5 kushoto, nyuma. Ngozi nzima. Sababu: ameanguka kutoka kitandani.

Alifungua kitabu, akaitafuta namba, akaiona. Kisha akakifunga, akakitia kwapani, akaenda wodini kupima kama kitanda kina kimo cha kumvunja mtu mbavu mbili.